Asilimia 100 ya Mkuu wa Shule

Mwezi Juni nilihudhuria mahafali ya mpwa wangu katika shule moja ya sekondari hapa Marekani, ambapo mkuu wa shule alitangaza kwa majigambo kwamba asilimia 100 ya wahitimu wamekubaliwa chuoni. Tulipiga vigelegele. Septemba ilipofika, mpwa wangu alikuwa akipanga maboksi ghalani, kwa sababu kiangazi chote hapakuwa na mtu wa kumwelekeza katika fomu za msaada wa fedha, na Kiingereza cha fomu zile kilimshinda dada yangu, kikanishinda na mimi. Kwenye takwimu za wilaya yake ya shule, hata hivyo, kijana huyo angali ushindi.

Kinachoniuma ni kwamba ukweli haukufichika. Lipo shirika la National Student Clearinghouse, lililoanzishwa mwaka 1993, ambalo hupokea kumbukumbu za uandikishaji kutoka vyuo vingi mno. Wilaya ikipeleka majina ya wahitimu wake, hurudishiwa habari za nani aliingia chuoni, nani aliendelea mwaka wa pili na nani alipata shahada. Chicago walithubutu kutazama, na mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wakaeleza hadharani kwamba kati ya wanafunzi 100 wanaoanza sekondari za umma jijini humo, hawafiki hata 10 watakaokuwa na shahada ya kwanza wakifika umri wa miaka ishirini na kitu. Ilikuwa aibu, ila aibu yenye kazi, kwa kuwa mwaka mmoja kabla yake walikwisha kuonyesha kwamba kufaulu masomo ya mwaka wa kwanza wa sekondari hubashiri kwa uhakika zaidi nani atahitimu sekondari kuliko alama za mitihani ya upimaji. Basi walimu wakajua kumwangalia mtoto angali na miaka 14, kabla hajavalishwa joho.

Nakiri, shingo upande, kwamba ajira ni ngumu zaidi kufuatilia, maana kumbukumbu za mishahara hukaa kwenye serikali ya jimbo. Vyeti vya ufundi navyo huhesabiwa vilivyotolewa, bila kuuliza kama yupo mwajiri anayevitaka. Tena namba ikigeuzwa fimbo, watu hudanganya: mwaka 2017 shule ya Ballou, Washington, ilisifiwa kwa wahitimu wote kukubaliwa chuoni, kumbe, kama waandishi wa habari walivyogundua, nusu yao walikosa masomo zaidi ya miezi mitatu.

Mdogo wake mpwa wangu anaanza katika shule ileile. Kikao cha bodi kikiitishwa nitakwenda kuuliza: wale tuliowapigia vigelegele Juni, wangapi walikuwa darasani Oktoba?