Mzee wa reli na treni ya kwenye miwani

Kama ulipita Nanenane pale Ipuli, Tabora, ukaona turubai la bluu limelala juu ya meza ya asali na watu wanacheka mpaka wamekaa chini, basi mi ndo yule nilobaki nimeshika kiti cha plastiki kisicho na mtu.

Kazi yangu ilikuwa kutikisa kiti. Usicheke, ni kazi. Kuna braza alikuja na miwani ya VR, ile unachomeka simu kwa mbele unajifunga kichwani, ndani kaweka video ya rola kosta, ile treni ya kwenye mabustani ya michezo huko ughaibuni inayopanda juu af inajiachia inapinduka na watu wake. Mteja anatoa buku, anakaa, anavaa, mi niko nyuma namyumbisha. Ikishuka namwinamisha, ikikata kulia namlaza kulia. Sasa video anaiona yeye peke yake, mi sioni kitu, naenda kwa kukariri na kwa kusikiliza kelele zake, akipiga yowe najua tayari tunashuka. Kuna dada alipiga yowe sababu nyuki kamtua mkononi, nikamshusha mlima ambao haupo.

Wengi walishuka wameshika tumbo. Macho yanaambiwa tunaenda kulia, sikio la ndani ambalo ndo linapima mwendo linaambiwa kushoto (mimi huyo), ubongo ukichanganyikiwa hapo kichefuchefu hakiko mbali.

Braza alikuwa anawatangazia watu kwa spika eti hii ndo habari ya mjini duniani kote. Jioni yake nikaja kusoma kwenye simu, kumbe katuletea mtumba. SeaWorld kule Orlando, Marekani, wana rola kosta inaitwa Kraken, ipo tangu 2000, mwaka 2017 wakawavalisha abiria miwani hii hii waone wako chini ya bahari na madude yake, 2018 wakaivua. Uingereza nako, Alton Towers, walichukua ile Air yao ya 2002, ambayo unapanda umelala kifudifudi, 2016 wakaiita Galactica, unavaa miwani unaona uko anga za mbali, nayo baada ya miaka michache miwani ikaondolewa. Na unajua kilichowasumbua ni nini? Foleni! Kila abiria afungwe miwani, ikae sawa, akishuka ifutwe jasho, treni iliyozoea kuondoka chapchap inakaa stesheni inasubiri watu wafutiwe miwani. Mi nilivyosoma nikacheka peke yangu, maana na sisi tulikuwa na dogo wa kufuta kwa kipande cha kanga, vumbi la mwezi wa nane unalijua, anafuta linarudi, foleni imefika mpaka kwa wauza matobolwa na watu wanatutukana.

Ndo kwenye foleni hiyo akatokea mzee mmoja, kanzu safi, fimbo mkononi, watu wakampisha mbele kwa heshima. Alikuwa mfanyakazi wa reli enzi zake, mstaafu. Nikamwamkia shikamoo mzee, marahaba, akauliza hii treni inakwenda wapi. Braza akajibu, "Wewe panda tu mzee wangu."

Mwanzo alikaa kimya, mikono magotini, abiria kabisa. Treni inapanda, mi nakilaza kiti nyuma taratibu. Mara akaanza ukaguzi. "Hii reli mataruma yake yako wapi? Nani kapitisha hii?" Watu wakaanza kusogea. Tukashuka mteremko, wenzake wote hapo walipiga kelele, yeye akafoka tu, "Dereva, mwendo! Punguza mwendo!" Ilipofika pale pa kupinduka ndo akapandisha kabisa: "Mjerumani kaleta reli Tabora hapa 1912, kaifikisha Kigoma 1914, hakuna hata hatua moja aliyoipitisha kichwa chini miguu juu! Nyie mmesoma wapi?"

Mi nacheka mpaka mikono imeisha nguvu, kiti nakitikisa ovyo ovyo, na nadhani hapo ndo akaamini kabisa kwamba treni inaacha njia. Akasimama. "Piga breki!" Dereva hajibu. Mzee wa watu akanyoosha mkono apige breki mwenyewe, akapapasa hewani, akaukuta mrunda wa katikati uliobeba turubai letu, akaukumbatia, akauvuta kwa nguvu zake zote za kazini.

Breki ilikamata kweli.

Turubai lote likatushukia, upepo ukalisukuma upande wa mama wa jirani aliyeleta asali yake kutoka Sikonge, ndoo ikalala, nasikia braza anaita "Simu! Simu yangu jamani!" na mama anaita majina ambayo siwezi kuandika hapa. Giza, vumbi, asali mpaka kwenye ndala. Tunapapasana humo ndani, hatujui nani ni nani, na katikati ya vurugu ile sauti ya mzee, imetulia kabisa, miwani bado iko usoni:

"Hapa stesheni gani?"

Walivyomtoa akajipangusa kanzu, akasema ashukuriwe Mungu hakuna majeruhi, af akamgeukia braza ambaye yuko anailamba simu yake, akamdai arudishiwe nusu nauli, maana kashushwa njiani.