Baba Mkubwa Kapata Ziro

Harusi ya mdogo wangu ilinipa cheo nisichokiomba: katibu wa kamati. Sifa yangu ilikuwa moja tu, mimi ndiye mwenye laptopu.

Nikatengeneza jedwali kwenye Excel. Jina, Ahadi, Amelipa, Asilimia. Hesabu ya asilimia nyepesi, alicholipa mtu gawanya kwa alichoahidi: =C5/B5, ukaburuta hadi chini, umemaliza. Jumapili nikaazima projekta, nikamulika ukutani sebuleni kwa Baba Mkubwa, mwenyekiti wetu na mwalimu mkuu mstaafu, huku najiona mhasibu mkuu wa serikali.

Watu wakanyamaza ghafla. Mstari wa kwanza kabisa, jina la mwenyekiti, na pembeni yake: #DIV/0!

Aliyewahi kutafuta jina lake kwenye matokeo ya kidato cha nne hahitaji kuelezwa DIV 0 ni nini. Shangazi alivaa miwani, akasogea ukutani, akasoma kwa sauti: “Divisheni ziro.” Akamgeukia kaka yake. “Kumbe ndiyo maana cheti chako hatujawahi kukiona!”

Nikaanza kujieleza, jasho linanitoka. Kwamba mzee hakutoa ahadi, alileta laki mbili taslimu siku ileile, kwa hiyo seli yake ya ahadi ni tupu. Na Excel ikikuta seli tupu kwenye hesabu huichukua kama sifuri, na kwa sifuri hakuna kinachogawanyika.

“Yaani nimetoa laki mbili,” akauliza taratibu, “halafu nikafeli?”

Usiku ule sikulala mpaka nilipoipata dawa: IFERROR. Imo humo tangu Excel ya 2007; kabla yake watu walizunguka na IF na ISERROR, fomula ndefu kama treni ya mizigo. Unaifunika hesabu yako kwa IFERROR, unaiambia ikikwama iandike nini. Nami, kwa kutaka kumpoza mzee, nikaiambia ikikwama iandike 1, yaani 100%: =IFERROR(C5/B5,1). Nikaburuta kwa wote.

Jumapili iliyofuata Baba Mkubwa aliiona 100% yake akatabasamu hadi gego. Akaamuru waliokamilisha wasimame wapigiwe makofi ya kilo. Akasimama Mama Mdogo. Akasimama na Shemeji, naye akishangaa kama sisi, maana hakuwa ametoa hata mia. Lakini si mtu wa kukataa makofi. “Tunajitahidi jamani,” akasema, “harusi ni yetu sote.”

Mweka hazina akafungua daftari lake. “Kama mmemaliza hivi, mbona hela ya ukumbi haitoshi?”

Nikaingia kwenye seli ya Shemeji. Pale kwenye Amelipa, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika “Ijumaa”, maana ndivyo alivyoniambia kwenye simu. Ijumaa gawanya kwa laki tatu ni #VALUE!, na IFERROR haibagui: inafunika #VALUE!, #REF!, #N/A, chochote kile. Kwa Mama Mdogo nako niliandika “50,000 kwa simu”, ahadi yake laki na nusu. SUM nayo, fomula ya kujumlisha, ikikuta maneno huyaruka kimyakimya, ndiyo maana jumla haikuonyesha kosa lolote huku asilimia zikiwa za peponi.

Nikafuta palepale, mbele ya macho yote, nikaandika nyingine inayokamata sifuri peke yake: =IF(B5=0,"Hakuahidi",C5/B5). Ikarudi #VALUE! ya Shemeji, nyeusi tii ukutani. Akauliza ndiyo nini.

“Thamani,” Shangazi akamjibu. “Wanaitafuta yako.”

Kicheko kilipotulia, Baba Mkubwa bado alikuwa ameukazia macho mstari wake. Laki mbili, na pembeni: Hakuahidi.

“Kijana,” akasema, “hebu nirudishie ile ziro yangu.”