Nyamapori: hatari huanza kwenye kuchuna

Aprili 2025, viboko wapatao 50 walikutwa wamekufa kwa kimeta (ugonjwa wa bakteria unaoua wanyama na watu) katika Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo. Wananchi wakaonywa wasile nyama ile. Onyo lilikuwa sahihi kabisa, ila kiboko mmoja ana zaidi ya tani moja, na watu wa huko wamechoshwa na vita na njaa.

Wanaotaka nyamapori ipigwe marufuku wana hoja nzito. Mwaka 1996 huko Mayibout, Gabon, watu waliokota sokwe mtu aliyekufa msituni, wakamchuna na kumla. Ebola ikalipuka, watu 21 wakafa. Wa kwanza kuugua ni walioushika mzoga. Mchunaji mwenye mkwaruzo kidoleni hugusana na damu mbichi saa nyingi kabla sufuria haijainjikwa, kwa hiyo ule utetezi wa "sisi tunaichemsha sana" haumsaidii. Kimeta ndicho kibaya zaidi: mzoga ukipasuliwa, vijidudu hupata hewa, hujifungia kwenye ganda gumu na kukaa udongoni miaka mingi.

Tatizo ni kwamba marufuku tumeshayaona. Ebola ilipoikumba Afrika Magharibi mwaka 2014, serikali zilikataza nyamapori, na biashara ikahamia mafichoni. Tena wakati huo ugonjwa ulikuwa unatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Mwanakijiji aliyekula nyama hiyo tangu utotoni, akaambiwa leo inaua, aliyatilia shaka hata maonyo ya kutogusa maiti mazishini, ambayo ndiyo yangemwokoa.

Tanzania ilichukua njia nyingine: kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Naunga mkono. Nyama iliyokaguliwa ni salama kuliko ile inayouzwa gizani. Lakini anayeokota kibudu haendi buchani, hana hela. Bonde la Luangwa, Zambia, mwaka 2011, mamia waliugua baada ya kula viboko waliokufa kwa kimeta, watano wakafa. Walipoulizwa baadaye, wapo waliosema wangekula tena kwa kukosa kitoweo.

Ndiyo maana pesa ningeipeleka kwanza kwa ofisa mifugo wa kata. Apewe pikipiki, mafuta, glavu na chanjo ya mifugo, aufikie mzoga siku ileile na kuufukia kabla visu havijafika. Na familia zinazouacha zipate kitoweo kingine, hata kama ni maharage ya msaada.