Ultrasaundi safi, tumbo gumu

Siku hizi hapa Moshi, mjamzito akitokwa damu mwezi wa nane, ndugu huuliza kwanza: "Ameshapigwa ultrasaundi?" Mkunga wa zahanati kule juu Kibosho anashika tumbo, anasikiliza mapigo ya mtoto, anaweka dripu na kuandika rufaa bila kumpima njia kwa kidole, halafu watu wanasema hakufanya kitu. Tunamwonea.

Mashine ina haki yake. Kondo la nyuma likitangulia na kuziba mlango wa kizazi, hakuna kinacholiona vizuri kama ultrasaundi. Damu yake kwa kawaida ni nyekundu mbichi, haina maumivu, na kidole kikitangulia picha kinaweza kulichana, damu ikafumuka. Kwa hiyo mkunga aliyezuia mkono wake ameonyesha ustadi. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu uko kwenye kondo linalobanduka kwenye ukuta wa kizazi kabla ya wakati, mtoto bado hajazaliwa. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta ultrasaundi imeona asilimia 24 tu ya kondo zilizobanduka. Katika akina mama wanne, anaonekana mmoja. Watatu wanatoka na karatasi safi! Damu iliyotoka karibuni nyuma ya kondo hufanana mno na kondo lenyewe kwenye skrini. Ikionekana, mara nyingi ni kweli. Isipoonekana, bado hujajua kitu, na nje huenda imetoka damu kidogo tu wakati ndani imejaa.

Tumbo gumu kama ubao, lisilolegea, mama hataki hata kuguswa, na kliniki presha ilikuwa juu: hizo ni dalili za kondo kubanduka, na mkunga anazisoma bila umeme. Kisha kuna kipimo cha kichupa, cha kuona kama damu ya mama bado inaganda. Mililita 2 za damu ya mshipa kwenye kichupa cha kioo, kikavu na kisafi, unakifumbata kiganjani kipate joto, na baada ya dakika 4 unakiinamisha taratibu. Dakika 7 zikipita haijaganda, hospitali ipigiwe simu iandae damu kabla gari halijashuka.

Ni kweli mkono nao hukosea. Uchungu wa kawaida hukaza tumbo, na kondo lililotangulia linaweza kuja na uchungu. Ndiyo maana kidole kinasubiri picha. Ila dripu, damu na gari visisubiri. Mama akiletwa na tumbo gumu na karatasi safi, mimi naamini tumbo.