Hesabu karatasi kabla ya kuhesabu kura

Sanduku likishafunguliwa, kila aliyemo chumbani anataka kujua jambo moja tu: nani anaongoza. Hapo ndipo kazi huanza kuharibika. Kwa maoni yangu, kanuni iliyo muhimu kuliko zote katika kuhesabu kura ni ile isiyomhusu mgombea yeyote: idadi ya karatasi ipatane kwanza, iandikwe kwa wino, mawakala wa wagombea watie saini, ndipo kura ya kwanza isomwe.

Hesabu yenyewe ni ndogo. Chukua kituo kilichopokea karatasi 700. Zilizobaki bila kutumika ni 188. Nne ziliharibika, yaani wapiga kura walikosea, wakazirudisha, wakapewa nyingine. Basi sandukuni zitoke 508, na majina yaliyowekewa alama daftarini nayo yawe 508. Karatasi zimwagwe mezani, zikunjuliwe zikiwa kifudifudi, na zihesabiwe mara mbili na watu wawili tofauti.

Zikitoka 506, mara nyingi kuna aliyeondoka na karatasi yake, au siku hiyo kuna chaguzi mbili tatu na kura zimeingia sanduku lisilo lake. Zikitoka 511, hilo ni jambo zito. Kagua rangi, kagua muhuri wa kituo nyuma ya kila karatasi. Huenda bunda lililoandikwa 100 lilikuwa na 103 tangu asubuhi, ndiyo maana mabunda yahesabiwe yanapopokelewa, si jioni. Huenda pia kuna mtu ametumbukiza. Na kama karatasi ni 508 lakini daftari lina majina 505, aghalabu karani alisahau kuweka alama. Maswali haya yanajibika kwa utulivu wakati bado hakuna anayejua matokeo. Ikishajulikana kwamba fulani anaongoza kwa kura mbili, zile karatasi tatu zilizozidi kila upande utazigombania.

Kupanga mafungu ni rahisi zaidi. Kila karatasi ionyeshwe kwa mawakala, isomwe kwa sauti, iwekwe kwenye fungu la mgombea wake, kisha mafungu yafungwe hamsini hamsini. Kosa la kawaida hapa ni kura ya mmoja kulala ndani ya fungu la mwingine, kwa hiyo anayehakiki apekue karatasi moja moja akitazama alama. Kuhesabu kingo peke yake hakutoshi.

Kura zenye utata ziwekwe kando mpaka mwisho, ziamuliwe moja baada ya nyingine mbele ya wote. Alama ya vema iliyovuka mstari kidogo, lakini sehemu kubwa imo ndani ya kisanduku cha mgombea mmoja, naihesabu bila wasiwasi: nia ya mpiga kura iko wazi. Yenye alama kwa wagombea wawili, isiyo na muhuri, au yenye jina la mpiga kura, ikataliwe. Ila kura iliyokataliwa isichanganywe na karatasi iliyoharibika. Ya kwanza ilitoka sandukuni, ya pili haikuingia kamwe. Karani akizijumlisha pamoja kwenye kituo chetu, jumla inapanda kutoka 508 hadi 512, na fomu inaonekana kama ya wizi wakati hakuna aliyeiba kitu.

Fomu ya matokeo iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, namba ya zamani ibaki ikisomeka, andika sahihi pembeni, wote watie saini. Malawi ilijifunza kwa gharama kubwa: Februari 2020 mahakama ilifuta uchaguzi wa rais wa Mei 2019, na fomu zilizofutwa kwa wino mweupe zilikuwa miongoni mwa sababu. Kwenye kituo cha majumuisho, yaani pale matokeo ya vituo mbalimbali yanapojumlishwa, jumla mbili zikitofautiana kwa namba inayogawanyika kwa 9, tafuta kwanza tarakimu zilizopinduliwa: 187 ikiandikwa 178, tofauti ni 9 kamili. Nakala iliyobandikwa ukutani kituoni ndiyo itakayoamua ipi ni sahihi.

Kuhesabu upya kunategemea lakiri, yaani vifungo vyenye namba vinavyofunga masanduku ya kura. Karatasi zikishapotea, hakuna hesabu itakayozirudisha. Katika uchaguzi wa Seneti wa 2013 kwenye jimbo la Australia Magharibi, kura 1,370 zilipotea, ikagundulika wakati wa kuhesabu upya. Mahakama ikabatilisha matokeo, na jimbo zima likapiga kura tena Aprili 2014. Kwa hiyo namba za lakiri ziandikwe kwenye fomu ileile ya matokeo, mawakala wazinakili, na siku ya kuhesabu upya zisomwe kwa sauti kabla hata moja haijakatwa.