Hii "go off" ya Kiingereza inataka nini kwetu?

Juzi kazini natumiwa meseji fupi, "alarm went off", mi nikajibu fasta "poa, nitaiwasha nikifika" afu nikaendelea na mambo yangu. Kumbe alamu inapiga kelele jengo zima na watu washatoka nje! Kichwani mwangu "off" ni kama swichi, kitu kimezima basi, na kweli taa ziki-"go off" zimezima. Sasa inakuwaje hiki kizime afu kile ndo kianze kulia?

Na hapo bado. Bomu liki-"go off" limelipuka, bunduki imefyatuka, maziwa kwa Waingereza yamechacha (Wamarekani wengi watakwambia "go bad"), na ukisema ume-"go off" chai maana yake umeikinai, huitaki tena. Afu shughuli ikiisha salama bila vurugu nayo wanasema "it went off well", yaani neno lile lile la bomu!

Wengi tulikaririshwa orodha, maana ya kwanza, ya pili, ya tatu, mi naona ule ni muda umepotea. "Off" na "of" zamani zilikuwa neno moja, na wazo lake ni kutoka, kuachana na mahali ulipokuwa. Ukishika hilo unajiuliza tu, huyu anayetajwa mwanzo wa sentensi kawaida yake ni nini? Alamu kawaida yake kukaa kimya, ikitoka hapo inalia. Taa ilikuwa inawaka, ikitoka hapo giza. Maziwa yalikuwa mazima, wewe na chai mlikuwa mnapendana, mkaachana. Sisemi inakaa kote, ile ya shughuli kuisha salama nikiilazimisha humo inagoma, hiyo we ikariri tu yaishe.

Ila tusiwacheke sana maana na sisi tunayo hiyo hiyo, tena kwa neno letu la kutoka. Jua likitoka limeonekana, doa likitoka limepotea. Matokeo yakitoka kila mtu anakimbilia kuyaangalia, rangi ya nguo ikitoka hakuna tena cha kuangalia. Sijawahi kusikia mtu kazichanganya hizo, na sikumbuki mwalimu yeyote akituandikia orodha yake ubaoni.