Makumbusho ya Mkoa Yapimwe kwa Rejista, Si kwa Foleni ya Mlangoni

Karibu kila makumbusho ya mkoa yanapoandaa siku ya wazi au kuzindua maonyesho mapya, taarifa inayotolewa baadaye huanza na idadi ya waliohudhuria. Picha ya umati hutangulia, hufuata jina la mgeni rasmi, na mwishoni, ikiwa nafasi imebaki, hutajwa vitu vilivyoonyeshwa. Sina ugomvi na umati, kwa maana makumbusho yasiyotembelewa hayatofautiani sana na ghala lililofungwa kwa kufuli. Hoja yangu ni kwamba kwa makumbusho ya aina hii, yanayohifadhi urithi wa eneo moja na watu wake, idadi ya waliopita mlangoni ni kipimo dhaifu, na kipo kingine kilicho bora ambacho ni nadra kutazamwa: je, baada ya shughuli ile, kuna maelezo yoyote katika rejista ya mikusanyo, yaani daftari linaloorodhesha na kueleza kila kitu kilichohifadhiwa, yaliyoongezwa, kusahihishwa au kutiliwa shaka kwa sababu ya jambo alilolisema mgeni?

Makumbusho makubwa ya taifa mara nyingi huonyesha vitu vilivyotoka mbali kwa watu ambao hawajawahi kuviona vikitumika. Makumbusho ya mkoa yako katika hali nyingine kabisa. Mzee anayeingia akiwa amemshika mjukuu wake mkono anaweza kuwa ndiye aliyekitumia kifaa kilichomo kabatini, au ni mtoto wa fundi aliyekitengeneza, au aliishi jirani na nyumba inayoonekana kwenye picha ukutani. Hata hivyo rejista nyingi zimejaa mistari mifupi ya kukatisha tamaa, kama vile «kifaa cha mbao, matumizi hayajulikani» au «kundi la watu mbele ya jengo, mwaka haujulikani». Mistari hiyo iliandikwa siku kitu kilipopokelewa, pengine na karani aliyekuwa na haraka, nayo ikaachwa hivyo kwa miongo kadhaa. Anayeujua ukweli wake hupita mbele ya kabati, hutabasamu na kuondoka nao, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza.

Mfano ninaourejea mara kwa mara ni Makumbusho ya District Six mjini Cape Town. Mwaka 1966 serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini ililitangaza eneo hilo kuwa la Wazungu peke yao, na katika miaka iliyofuata watu wapatao 60,000 waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao zikabomolewa. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1994 ndani ya kanisa la zamani la Wamethodisti, na maonyesho yake ya kwanza, ambayo hayakukusudiwa kudumu, yalijengwa juu ya vitu viwili: vibao vya majina ya mitaa vilivyookolewa wakati wa ubomoaji, na ramani kubwa ya eneo iliyotandazwa sakafuni. Waliowahi kuishi pale waliinama juu ya ramani hiyo na kuandika kwa mikono yao mahali nyumba zao zilipokuwa. Vilikuwepo pia vitambaa ambavyo wageni waliandikia majina na kumbukumbu zao, na maandishi hayo yakatariziwa kwa uzi ili yasifutike.

Tazama kilichotendeka pale kwa jicho la mtunza rejista. Wapima ardhi walikuwa na mitaa na mipaka ya viwanja, lakini nani aliishi na nani chini ya paa moja, kona ipi vijana walikutana jioni na familia ipi ilihamia wapi baada ya kufukuzwa ni mambo yaliyoletwa na wageni wenyewe, wakiwa wamesimama, wakibishana na wakati mwingine wakilia. Maonyesho yalikuwa yenyewe chombo cha kukusanyia habari. Kama waandaaji wangeridhika kutundika ramani ukutani nyuma ya kioo, wangepata umati uleule na pengine machozi yaleyale, na jioni wasingekuwa na neno hata moja jipya la kuandika.

Huko Washington, Smithsonian, taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa ya Marekani, ilifungua mwaka 1967 makumbusho madogo katika mtaa wa Anacostia, ndani ya jengo lililokuwa ukumbi wa sinema, chini ya uongozi wa John Kinard. Wakazi wa mtaa huo walikuwa wakisumbuliwa na panya, na watoto walilizungumza jambo hilo kwa ujuzi wa kutisha. Mwaka 1969 makumbusho yakaandaa maonyesho juu ya panya, wakiwemo panya hai, yakieleza historia ya mnyama huyo, maradhi anayoyaeneza na namna ya kupambana naye. Wapo watakaosema panya si urithi. Nami nasema kwamba uamuzi wa nini kinastahili kuonyeshwa ulitoka kwa wakazi, na tangu hapo ilikuwa vigumu kudai kwamba mtaa maskini hauna la kuwaambia wanamakumbusho.

Upande wa pili kuna desturi ya maonyesho hai, ambayo asili yake mashuhuri ni Skansen, makumbusho ya wazi yaliyoanzishwa mjini Stockholm mwaka 1891 na Artur Hazelius. Yeye alizihamisha nyumba za kale kutoka sehemu mbalimbali za Sweden, akazipanga mlimani, akaweka ndani yake watu waliovaa mavazi ya kijadi na mafundi wanaofanya kazi mbele ya wageni, pamoja na muziki na ngoma za sikukuu. Mfumo huo umeigwa duniani kote, na ni rahisi kuona sababu: unavutia, mtoto halali usingizi, na mtu anayeona chuma kikifuliwa anaelewa jambo ambalo maelezo ya ukutani hayawezi kumfundisha. Lakini desturi hiyo ina kasoro niliyoiona katika shughuli nyingi za mikoani, nayo ni kwamba urithi huwa tamasha lenye ratiba, mchezo uleule hurudiwa kila mwaka kwa maneno yaleyale, na enzi zilizopita huonekana safi na zenye amani mno. Njaa haimo, mgogoro wa ardhi haumo, wala aliyehama kwa sababu ya deni. Mchezaji ngoma anapewa maji na cheti, lakini ni mara chache mtu hukaa naye kumwuliza alijifunza kwa nani, hatua zipi zimeachwa na kwa nini.

Kuhusu siku kubwa za kalenda sina mengi ya kusema. Siku ya Kimataifa ya Makumbusho huadhimishwa karibu na tarehe 18 Mei tangu mwaka 1977, Ufaransa ilianza mwaka 1984 kuwafungulia wananchi majengo ya kihistoria kwa mwaliko wa waziri wake wa utamaduni, Jack Lang, na Berlin ilianzisha usiku mrefu wa makumbusho mwaka 1997. Shughuli hizi zina faida moja kubwa, ambayo ni kumwondolea woga mtu aliyedhani kwamba jengo lile ni la wasomi. Akishaingia, kazi ninayoizungumzia ndiyo inaanza, na usiku wenye msongamano haufai kwa kazi hiyo.

Shughuli inayofaa ni ya unyenyekevu kiasi kwamba si rahisi kuipigia tarumbeta. Chukua siku ya kutambua picha. Nakala za picha za zamani, kamwe si picha asilia, hupangwa mezani zikiwa na namba zake za usajili. Kila meza ina mtu mmoja mwenye fomu na kalamu, mwenye subira na sikio. Mgeni anapomtambua mtu au jengo, huulizwa amejuaje: alikuwepo, alisimuliwa, au anakisia? Jibu huandikwa pamoja na jina la msimuliaji kama ameridhia, tarehe ya mahojiano na kiwango cha uhakika wake. Wageni wawili wakitofautiana, maelezo yote mawili huandikwa, wala hakuna anayeambiwa hapohapo kwamba amekosea. Kwa wiki kadhaa baadaye mtunza mikusanyo hulinganisha maelezo hayo na nyaraka, huwatafuta mashahidi wengine, na ndipo anapoigusa rejista, akiacha maandishi ya awali yasomeke ili mtafiti wa kesho aone kilichobadilishwa na aliyekibadilisha.

Siku ya kuleta kitu cha nyumbani hufuata utaratibu wa namna hiyohiyo, ila inahitaji tahadhari zaidi. Wageni wengi huja wakitaka kujua bei ya kitu chao, na makumbusho yakianza kutaja bei yatakuwa yamefungua soko. Ni bora kitu kipigwe picha, historia yake iandikwe, kisha mwenyewe arudi nacho nyumbani. Huko kaskazini mashariki mwa Uingereza, Frank Atkinson, mwanzilishi wa makumbusho ya Beamish, alifuata sera ya kupokea karibu kila kitu alichopewa na watu, na maghala yakafurika. Siwezi kumlaumu, kwa kuwa wakati huo viwanda na migodi vilikuwa vikifungwa na vitu vilikuwa vikitupwa, na aliona kwamba kuchagua ni kupoteza. Makumbusho mengi ya mikoa, hata hivyo, hayana maghala ya kufurisha, na kitu kilichopokelewa bila mahali pa kukihifadhi kimehamishwa tu kutoka dari moja linalovuja hadi jingine.

Maonyesho ya muda nayo yanaweza kupangwa kwa nia hiyo. Sababu ya kuyabadilisha mara kwa mara si kuwafurahisha wageni peke yake. Nguo, karatasi na picha huumizwa na mwanga, na madhara ya mwanga hujilimbikiza bila kurudi nyuma, ndiyo maana wahifadhi wengi hupendekeza vitu hivyo viangaziwe kwa takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) na visikae kabatini miaka mingi mfululizo. Hivyo zamu ya vitu kutoka na kuingia ghalani ni ya lazima. Kwa kuwa ni ya lazima, sioni kwa nini kila zamu isiwe na vitu vichache ambavyo makumbusho yenyewe yanakiri kwamba hayavijui vizuri, vikiwa na maelezo yanayosema wazi nini hakijulikani na nani wa kumwona ndani ya jengo kama unakijua. Nimewahi kuwasikia wataalamu wakisema kwamba kukiri kutojua kunashusha heshima ya taasisi. Kwa maoni yangu kinachoishusha heshima ni mzee kusoma maelezo yenye kosa ambalo kila mtu wa rika lake analiona, kisha kulikuta kosa hilo lipo bado mwaka unaofuata.

Pingamizi nzito zaidi ni ile isemayo kwamba kumbukumbu za watu hazitegemeki: familia huwapamba mababu zao, miaka huchanganywa, na jambo lililosikika redioni hugeuka kuwa jambo lililoonekana kwa macho. Yote hayo ni kweli, na ndiyo sababu fomu inauliza msimuliaji amejuaje. Lakini nyaraka nazo zina mwenyewe. Mjini Songea, kusini mwa Tanzania, kila Februari hufanyika kumbukumbu ya mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906 wakati wa Vita vya Majimaji, nayo makumbusho ya vita hivyo yapo pale pale. Katika tukio kama hilo, sehemu kubwa ya maandishi ya wakati ule ilitoka kwa watawala walioamuru kunyonga. Masimulizi yaliyopokewa katika koo za waliouawa yanaweza kuwa na chumvi, lakini kuyaacha nje ya kumbukumbu za taasisi kwa hofu ya chumvi ni sawa na kuukubali ushahidi wa upande mmoja. Shughuli inayowakutanisha wazao wa mashujaa mahali pamoja ni nafasi ambayo mtafiti angeitafuta kwa gharama kubwa, na ingesikitisha ikiisha kwa hotuba na mashada peke yake.

Pingamizi lingine ni la nguvu kazi, na hili nalikubali bila ubishi. Makumbusho mengi ya mikoa yana wafanyakazi wachache, na huyohuyo anayekata tiketi ndiye anayeongoza wageni na kufuta vumbi. Kumwongezea mahojiano na ulinganishaji wa nyaraka ni kumwonea. Jibu langu ni kupunguza idadi ya shughuli. Shughuli mbili kwa mwaka, ambazo kila moja imetengewa miezi ya kufuatilia, zina manufaa kuliko tamasha la kila mwezi linaloacha viti vya kurudishwa na kanda ambazo hakuna atakayezisikiliza. Watu wa kujitolea wanaweza kufundishwa kuuliza na kuandika, na wanafunzi wa historia hufurahia kazi hiyo mara nyingi kuliko kupanga foleni.

Wenye kutoa fedha nao wana sehemu yao, maana wao ndio huuliza idadi ya wageni na hawaulizi kingine. Mwezi Agosti 2022, katika mkutano wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho uliofanyika Prague, wajumbe walipitisha fasili mpya ya makumbusho kwa zaidi ya asilimia 92 ya kura, na fasili hiyo inataja ushiriki wa jamii na kushirikishana maarifa. Ikiwa maneno hayo yamekubaliwa kwa wingi wa namna hiyo, taarifa ya mwaka ya makumbusho ya mkoa ingeweza kuwa na ukurasa mmoja, mara tu baada ya ule wa tiketi, unaoorodhesha maelezo yaliyosahihishwa, picha zilizotambuliwa na maswali yaliyobaki wazi. Ukurasa huo huo ungepaswa kupelekwa kwa waliosimulia, kwa simu au kwa barua, ili aliyesema kwamba mwanamke wa tatu kutoka kushoto ni shangazi yake ajue kama jina hilo limeandikwa, au bado linasubiri shahidi wa pili.